Buli Lililopotea Kati ya Wenzake

Tangu nirudi Mombasa kila mmoja wenu ananiuliza jambo lile lile, na kila mmoja nimempa kipande. Aliyenikuta sokoni nilimwambia habari za ndege. Aliyenikuta harusini, nikiwa napanga visahani, nilimwambia China ni mbali, kisha nikamgeukia mteja. Sasa nasikia mmeviunganisha vipande vyenu mkapata hadithi ambayo mimi mwenyewe siijui, eti nimemuuzia Mchina buli la marehemu. Sikuliuza. Kaeni niwaambie yote, halafu mnihukumu.

Kutoka nyumbani

Kwa wasiolijua buli lenyewe: ni buli la chai la fedha tupu, la Kiingereza, la mviringo, lenye mpini wa mti mweusi. Ubavuni limechorwa herufi mbili zilizokumbatiana, E na W. Chini pamegongwa alama ndogondogo, mojawapo simba anayetembea. Herufi hizo ni za mwanamke mmoja na mumewe waliokuwa na shamba la ngano upande wa Nakuru enzi za Mwingereza. Walitunzwa buli hilo siku ya harusi yao huko kwao, pamoja na sinia, jagi la maziwa na bakuli la sukari. Baba mkwe wangu, Mzee Bakari, alikuwa mpishi wao.

Yule bwana hakuishi sana. Alianguka na farasi, akazikwa shambani. Memsabu akabaki na ngano, mbwa, na Mzee Bakari. Kila alasiri alitaka aandikiwe chai barazani, vikombe viwili. Mzee alivimimina vyote viwili, na baadaye akarudi kukimwaga kimoja kikiwa kimepoa. Hakumuuliza, wala Memsabu hakumweleza.

Uhuru ulipokaribia, Memsabu alifunga virago. Sinia, jagi na bakuli vilikwenda naye. Buli likabaki juu ya meza ya jikoni. Alimpa mzee, au alilisahau? Familia yetu imebishana juu ya jambo hilo Idi baada ya Idi. Mzee mwenyewe akiulizwa alicheka tu. Alichojua yeye ni kifuniko. Buli lilikuwa limewahi kuanguka, likabonyea karibu na kitako, na bawaba ya kifuniko ikalegea. Ukimimina bila kukishika kwa kidole, kinafunguka chote na kugonga kikombe, na chai inakurukia. Mzee alimfundisha mwanawe, Athumani wangu, namna ya kulishika, na Athumani akanifundisha mimi, ingawa sikupata kazi hiyo mara nyingi. Kwetu, alasiri, mwenye kumimina alikuwa yeye.

Alipofariki sikuligusa mpaka eda ikaisha. Kisha, kwa kuwa kazi yangu ni kukodisha vyombo vya harusi na nilihitaji kujishughulisha, nikaanza kuliweka kwenye meza za harusi. Na hapo ndipo nyinyi mliponitia wazimu. Likiwekwa upande wa bibi harusi, upande wa bwana harusi wananuna. Likiwekwa kwa bwana harusi, mama wa bibi harusi ananiita kando, "Zuhura, sisi tumekukosea nini?" Nikaona dawa ni kuwa na mabuli mengine kama hilo, dazeni nzima, kila meza kuu ipate lake. Wafanyabiashara wakaniambia Guangzhou wanatengeneza kitu chochote ukiwapelekea sampuli.

Wifi yangu Amina alikuja kutoka Malindi kunizuia. "Hilo ndilo lililobaki linalokumbuka mkono wa kaka yangu," aliniambia. "Ukirudi bila hilo usinipigie simu, maana sitapokea." Amina akisema jambo hulifanya. Nikalifunga buli ndani ya kikoi cha Athumani, nikalibeba mkononi, sikutaka hata liingie kwenye sanduku.

Bangkok

Tuliteremshwa Bangkok kubadilisha ndege, na ndege ya pili ikachelewa. Kwenye mashine ya ukaguzi buli likawashangaza. Askari mmoja wa kike alikifungua kikoi, akalitoa, akachungulia ndani, akalinusa. Akamwita mwenzake, naye akalinusa. Mwaka ule walikuwa wakali sana kwenye viwanja vya ndege, na mimi na buibui langu nikawa nasoma dua kimoyomoyo.

Yule askari akaweka kidole kwenye E, kisha akaninyooshea mimi. Ningemwelezaje habari za Memsabu na farasi na Nakuru? Nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka kidole kwenye W, akauliza, "Husband?" Nikakubali tena. Akatabasamu, akalifunga vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, akanirudishia. Basi nikaendelea na safari kwa jina la watu. Nilikaa pale kitini mpaka miguu ikavimba, buli mapajani, na nikawa namfikiria yule mwanamke kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama kisa cha Idi.

Xiaobei

Nilipokelewa na wakala wa mizigo anayeitwa Njoro, kijana wa Nairobi mwenye ofisi ndani ya jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei, huko Guangzhou. Ofisi yenyewe ni meza moja, mizani, na marobota mpaka darini. Njoro ni mtu mzuri, lakini moyo wake uko kwenye simu zake tatu. "Mathe, karibu China," aliniambia, simu sikioni. "Hapa ni kujituma. Ukikwama nibuzz." Akanipeleka hotelini, akaniacha.

Mchana Xiaobei imejaa sisi kwa sisi. Wakongo wanaitana ngazini, Wasomali wanapatana bei ya viatu walivyotoa soko la Zhanxi, na mtu wa Kisauni ukimsalimia anakuitikia huku anakimbia. Kila mtu ana kontena linalomngoja au tiketi inayokwisha. Hakuna aliyekuja huko kuzungumza. Dirisha langu lilitazama ukuta wenye mabomba, na mvua ilikuwa hainyeshi wala haiachi.

Chakula nilikipata kwa Waislamu wa Xinjiang wanaooka mikate ya tanuri yenye ufuta, mizuri wallahi. Muoka mikate aliniona na buibui akanitolea salamu, "Asalaam aleikum," nikamwitikia kwa sauti mpaka watu wakageuka. Tukaangaliana kwa furaha, halafu hatukuwa na neno jingine hata moja. Siku nyingine hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yangu pekee ya kutwa.

Nikirudi chumbani nilitia chai yangu ya nyumbani kwenye buli, nikakishika kifuniko kwa kidole, nikamimina. Zamani nilikuwa nikimcheka Memsabu: vikombe viwili vya nini, mtu mwenyewe mmoja? Mle chumbani, siku ya tatu au ya nne, nilijikuta nimeteremsha vikombe vyote viwili vya hoteli na kuvijaza. Nilikitazama kile cha pili kikitoa mvuke mpaka ukaisha. Sikumcheka tena.

Ng'ambo ya mto

Njoro alinitafutia mkalimani, binti wa Mwanza anayeitwa Kulwa, aliyekuwa anasomea uhandisi huko kwa ufadhili. Alikuja na mwavuli mkubwa na heshima zote za Kitanzania. "Shikamoo mama, pole na mvua." Nikasema marahaba kwa njaa ya mtu aliyenyimwa neno hilo muda mrefu. Tulivuka mto kwa basi mpaka soko la vyombo vya hoteli, tukapita maduka ya masufuria yanayotosha kumpika ng'ombe mzima, tukaingia uchochoroni kwenye karakana ya mtu anayeitwa Chen. Laoban Chen, maana laoban ndivyo wanavyomwita tajiri mwenye kazi yake.

Laoban alikuwa na sinia la mbao lenye vikombe vidogo kama vya kahawa yetu, na muda wote alikuwa akimiminia watu chai. Alilipokea buli kwa mikono miwili. Akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akaliweka kwenye mizani, akacheka peke yake.

"Anauliza, mama, kwenu ni ukoo wa kifalme?" Kulwa akasema.

"Mwambie ni ukoo wa wapishi."

Laoban akacheka zaidi. Tukakubaliana: anitengenezee kumi na moja, ya shaba iliyochovywa fedha, ili pamoja na la kwangu yatimie dazeni. Hapo nikamkamata Kulwa mkono. "Mwambie wateja wangu wana macho. Nikiyapanga mezani, asiweze mtu kusema hili bora kuliko lile. Sitaki tofauti hata ya unywele." Kulwa akamwambia. Laoban akauliza kama ni dazeni nzima ndiyo ifanane. "Sasa je?" nikasema. "Kwani nimekuja kote huku kufanya nini?"

Laoban akajipiga kifuani. "Yiyang, yiyang," akasema, yaani sawasawa kabisa.

Buli likabaki kwake kama sampuli, mimi nikarudi na kikoi kitupu.

Kungoja

Waliniambia siku chache, zikawa nyingi. Umeme wa viwanda mwaka ule ulikuwa wa zamu, na zamu ya uchochoro wa Laoban ilikuwa ikirushwa kila mara. Kulwa alikuwa na mitihani. Njoro alikuwa bandarini Huangpu na kontena la mtu lililokwama. Nikawa sina pa kwenda, na chumbani sikutaka kukaa, kwa sababu bila buli chumba kile kilinishinda. Mnaweza kunicheka. Nililalia kikoi.

Siku moja nikaingia kwenye nyumba ya chai, ukumbi mkubwa wenye wazee, watoto na kelele kama za harusi. Niliangalia meza zote, kila meza ukoo mzima. Mimi wakaniweka kwenye ndogo kando ya nguzo. Wakaniletea buli la kaure na kikombe kimoja. Nikanywa chai ikaisha. Nikangoja waniongezee. Wahudumu walipita na mabirika yao ya maji ya moto, wakajaza kulia kwangu, wakajaza kushoto, wakanipita. Nikainua mkono, mmoja akaniangalia, akaangalia buli langu, akaenda zake. Wakanipita tena na tena. Nikasema moyoni, Zuhura, umeonekana hufai hata maji. Machozi yakaanza kunitoka mbele za watu, mimi mtu mzima.

Bibi mmoja wa meza ya jirani alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono wake, akakibandua kifuniko cha buli langu, akakilaza ukingoni pale, buli likawa wazi. Haikupita hata nafasi ya kupangusa uso, mhudumu akaja akanijazia. Kumbe ndiyo desturi yao. Buli lililofunikwa ni la mtu aliyetosheka, hasumbuliwi. Mwenye haja anaacha kifuniko wazi, na yeyote mwenye maji akiona anamimina, bila kuitwa. Yule bibi akanigongea meza kwa vidole viwili, kunionyesha namna ya kumshukuru anayekumiminia. Nikagonga. Akarudi kwa wajukuu zake.

Dazeni

Hatimaye Laoban akaita. Mimi na Kulwa tukakuta meza ndefu imetandikwa kitambaa chekundu, na juu yake mabuli kumi na mawili, yanawaka mpaka unajiona. Yote yana E na W. Yote yana simba chini. Yote yana bonyeo karibu na kitako, utadhani yalianguka siku moja. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kweli.

"Na lile langu liko wapi?" nikauliza.

Laoban akaupitisha mkono juu ya meza nzima, uso umejaa fahari.

Kulwa alimsikiliza mpaka mwisho. "Jamani mama," akasema. "Anasema la kwako lilikuwa limechakaa, lingeyaaibisha mengine. Amelisugua, amelichovya pamoja na mengine, amelitia mpini mpya. Anasema hiyo ni zawadi yake kwako."

"Mpini wa zamani?"

Kulwa akauliza. Mke wa Laoban, aliyekuwa anafagia, akatikisa kichwa. "Mei you." Hakuna. Ulikwenda na takataka.

Mpini ule ndio uliokuwa umelainika kwa mkono wa Mzee Bakari na wa mwanawe. Nilikaa chini sakafuni, kwenye mavumbi ya shaba. Laoban alishtuka, masikini, akadhani kazi yake mbaya. Akawa ananiletea buli moja baada ya jingine nilione lilivyo safi. Na kweli yalikuwa safi. Uzito aliyalinganisha kwa mizani yake, nami niliyapakata yote, moja moja, kama mtu anayetafuta mtoto wake wodini, na sikulijua langu. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilikuwa na yakini kwamba mkono wangu ungelijua.

Nikampigia Njoro. "Mathe, si uko na dazeni fiti?" akasema. "Chagua moja useme ndio hiyo. Nani atajua?"

"Mimi," nikamwambia, nikakata.

Laoban akaleta tupa. Akwaruze kila moja kitako, lisilotoa umanjano wa shaba ndilo la fedha. Nikasema hapana, halitaguswa na chuma tena. Nilikuwa nasema kwa jeuri tu, maana dawa nyingine sikuwa nayo. Mke wa Laoban, kwa kuona mambo yamekuwa magumu, akafanya wanachofanya wao mambo yakiwa magumu: akabandika maji ya chai.

Nikayatazama maji yale. "Kulwa," nikasema, "waambie walete maji mengi."

Tukayajaza chai mabuli yote kumi na mawili. Nikaweka kikombe mbele yangu na beseni kando, nikaanza. Nilimimina kila moja kwa kuliinamisha mpaka mwisho, kidole mbali na kifuniko, Laoban amenikalia karibu akidhani ninapima ubora wa mdomo. La kwanza, kifuniko kimetulia. La pili, kimetulia. Nikaendelea hivyo, na kila kifuniko kilichotulia kilinipunguza. Yakabaki matatu, nikaanza kumsikia Amina. Yakabaki mawili. Nikasema kumbe aliibana bawaba, kumbe alitengeneza kila kitu. Nikaliinamisha lililofuata.

Kifuniko kikafunguka chote, kikagonga kikombe, na chai ikamrukia Laoban suruali nzima.

Nililia na kucheka pamoja. Kulwa naye alilia, sijui kwa nini, labda mitihani. Laoban alisimama anajikung'uta, akauliza, Kulwa akanieleza, "Anasema aliibana kidogo, lakini imechakaa sana, inalegea ikipata moto. Anasema ataitengeneza sasa hivi."

"Mwambie asiiguse!"

Nililiweka mezani kama lilivyo, kifuniko kimelala nyuma. Mke wa Laoban alikuwa anapita na birika lake. Hakuwa anafuatilia tena maneno yetu. Aliona buli liko wazi, na mkono wake ukafanya kazi uliyoizoea: akalijaza. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akanimiminia kikombe, akajimiminia na chake. Nikagonga meza kwa vidole viwili. Tulikunywa sote wawili bila neno, na tangu nitoke nyumbani ile ndiyo chai ya kwanza niliyoimaliza ikiwa ya moto.

Kurudi

Yale kumi na moja yalipanda meli Huangpu, ndiyo hayo mnayoyaona harusini, na kununa kumekwisha. La kwangu lilirudi mkononi, ndani ya kikoi.

Amina alikuja kunipokea. Alilifungua pale pale uwanja wa ndege, akaushika mpini, akaniangalia. "Huu si wenyewe."

"Si wenyewe," nikasema. "Kifuniko ndicho chenyewe."

Akakichezesha kwa kidole, kikalegea. Akanikumbatia. Alikaa kwangu siku chache, akarudi Malindi kwa watoto wake.

Nimelifikiria sana jambo la Memsabu, na ule ubishi wa Idi kwangu umekwisha. Hakulisahau. Vile vingine angeweza kuvitumia peke yake. Buli lilitaka mtu wa kulimimina, na mtu huyo alikuwa anabaki Kenya. Sijui huko kwao alasiri zake zilikuwaje. Zangu ni ndefu.

Basi hiyo ndiyo safari yangu, na nimeiandika kwa sababu moja zaidi. Mnapita mbele ya baraza yangu kila siku baada ya swala ya alasiri. Mnaniona nimekaa na buli, mnasema, "Bi Zuhura, umeacha chai yako wazi, itaingia vumbi," kisha mnakwenda zenu. Siwalaumu, hamkuwa mnajua maana yake. Sasa mnajua.